Vicheko vya Friends havikutoka kwenye mashine tu

Mhariri,

Wauza tamthilia wa vibandani hapa Moshi huwaambia wateja kwamba vicheko vya Friends, komedi ya Marekani, vimebandikwa na kompyuta. Si kweli, au tuseme si kweli yote. Vipindi vingi vilirekodiwa mbele ya watazamaji katika studio ya Warner Bros. kule Burbank, California, ingawa hadithi ni ya New York. Kamera kadhaa zilirekodi kwa pamoja. Mzaha ukidoda, waandishi walibadilisha maneno palepale na waigizaji wakarudia. Vicheko vilirekebishwa baadaye wakati wa kuhariri. Komedi ya The Office ya Marekani haina watazamaji wala vicheko kabisa, na ndiyo maana wengine huiona imepoa. Shauri yao.

Kabla ya kulipia flashi yenye tamthilia, hesabu mafaili: Friends (1994–2004) ina vipindi 236, Seinfeld 180, Breaking Bad 62, The Wire 60. Friends ikipungua faili moja usigombe, maana kipindi cha mwisho cha sehemu mbili mara nyingi huunganishwa. Komedi ya dakika 22 haijakatwa. Muda uliobaki wa nusu saa ni wa matangazo. Manukuu yakiachana na midomo, yametengenezwa kwa toleo jingine la faili.

Kuhusu CSI, tamthilia ya Marekani ya upelelezi wa maabara iliyoanza 2000: tofauti na inavyoonyesha, majibu ya DNA (vinasaba) hayatoki kabla chai haijapoa. DNA hutolewa kwenye sampuli, hunakilishwa maabara, kisha hulinganishwa, na foleni huchukua siku hata wiki. Tena mpimaji wa maabara hamhoji mtuhumiwa. Hiyo ni kazi ya mpelelezi.

Mpenzi wa tamthilia,
Majengo, Moshi