Zebra isimamiwe

Moshi

Ndugu yangu Elibariki,

Habari za huko Sakina, Arusha? Kwenye kikao na polisi kata usiombe "doria iongezwe". Mtaletewa trafiki wa kukagua bima na leseni, na mama wa mbogamboga ataendelea kuvuka mbio. Omba kimoja tu: zebra isimamiwe, yaani dereva asiyempisha mtu kwenye kivuko cha waenda kwa miguu akamatwe.

Pimeni mita 45 kabla ya zebra, mweke koni pembeni. Gari la kilomita 50 kwa saa, kikomo cha kwenye makazi, linakula karibu mita 14 kwa sekunde. Sekunde moja dereva anashtuka. Mita 30 zilizobaki zinamtosha kusimama taratibu. Askari wa nguo za kiraia anakanyaga zebra gari likiwa halijafika kwenye koni, kisha anasubiri. Asijirushe! Dereva asiyesimama anakamatwa na mwenye sare mita 100 mbele. Aliyekwisha kuipita koni aachwe, maana kosa lake halitakuwa na mashiko na mtaambiwa mnategea watu. Mvua ikinyesha, ahirisheni.

Barabara yenu ya njia nne ina balaa lake. Daladala inasimama kumpisha mtu, gari la njia ya pili linapita ubavuni bila kumwona anayetokea mbele ya daladala. Huyo tochi ya kupima mwendo haimnasi, kwani huenda mwendo wake ni halali kabisa. Anaonwa na askari aliyesimama katikati ya barabara, basi. Vifodi, zile daladala ndogo, vinavyopakia abiria kando ya zebra viondolewe kabla ya zoezi, vinaziba macho.

Kwa baiskeli, polisi wa West Midlands, Uingereza, walianza mwaka 2016 kumpandisha baiskeli askari asiye na sare. Anayempita kwa karibu, chini ya mita 1.5, anasimamishwa mbele na kuelimishwa. Huku kwetu nafasi hiyo ipimwe kuanzia ukingo wa mzigo, si usukani. Majani ya ng'ombe yana upana wake. Na asiye na taa apewe reflekta, asinyang'anywe baiskeli.

Dakika 40 mahali pamoja zinatosha. Zikizidi, madereva wameshawashiana taa, na wanaosimama wanamwogopa askari tu. Hamieni zebra nyingine, mrudi siku nyingine kimyakimya. Saa za watoto kutoka shule ndizo bora. Giza likiingia, asivuke askari asiye na kizibao cha kung'aa.

Ukimwandikia mkuu wa usalama barabarani wa mkoa, taja kila zebra kwa jina la kituo cha daladala.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako