Shangazi, anza na maji unayoyajua

Shangazi, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza vizuri. Umesema afisa aliyekuja kuzungumza na kikundi chenu alieleza kwamba cottonii, ile aina ya mwani mnayolima, inakufa kwa sababu joto la bahari limepanda, mkatikisa vichwa, akaaga, nawe ukabaki na maswali ambayo hukupata pa kuyauliza. Kisha ukaniuliza mimi: mtu aliyetoka skuli zamani, ambaye hajawahi kutia mguu maabara, anaweza kuanza kujifunza sayansi sasa? Nakujibu hadharani kwa ruhusa yako, maana wapo wengi wenye swali hilo na wanaona haya kulitamka.

Unaweza. Ila nakuomba usianzie pale wengi wanapoanzia. Mtu mzima akitaka kujifunza hununua kitabu cha kidato cha kwanza, akakuta ukurasa wa mwanzo una maana ya sayansi, unaofuata matawi yake, kisha kanuni za maabara ambayo hana. Haupiti muda kitabu kinapanda juu ya kabati. Mtoto hustahimili hayo kwa kuwa ana mwalimu na mtihani unamngoja. Wewe hungojewi na mtihani. Una jambo unalotaka kulijua, na umekuwa nalo majini tangu kilimo cha mwani kilipoanza pwani yenu mwaka 1989. Basi tuanzie majini.

Kitabu kitakuambia kwamba mwezi huvuta maji ya bahari, ndiyo maana yanajaa. Ni kweli, lakini maneno hayo yaangalie kama mtu wa pwani. Ikiwa mwezi unavuta maji kuelekea uliko, yangejaa mara moja tu kwa siku, pale unapopita juu yetu. Wewe unajua yanajaa mara mbili. Mtu wa bara anaweza kukariri jibu hilo la kitabu mpaka mwisho bila kuona kasoro. Wewe utaiona siku ya kwanza. Hapo ndipo ninapotaka uzoee kusimama: kitabu kimesema hivi, mimi nimeona vile, kwa nini?

Jibu lake ni hili. Nguvu ya mvutano hupungua kadiri umbali unavyozidi. Mwezi uko kilomita 384,000 hivi kutoka tulipo. Maji ya upande wa dunia unaoelekeana nao yako karibu nao kuliko kiini cha dunia, kwa hiyo yanavutwa zaidi kuliko dunia yenyewe. Maji ya upande wa pili yako mbali zaidi, yanavutwa kidogo kuliko dunia, basi dunia inavutwa na yenyewe yanabaki nyuma. Pande zote mbili maji yanapanda, na dunia inavyozunguka inatupitisha kwenye mipando yote miwili. Mwezi nao hautulii mahali pamoja. Dunia inapomaliza duru moja, mwezi umeshasogea, na inatubidi tuongeze kama dakika 50 kuufikia. Ndiyo sababu saa ya kwenda shambani leo siyo ya jana.

Jua nalo linavuta. Ni kubwa mno, lakini liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, na mchango wake katika kujaa na kupwa haufiki nusu ya ule wa mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi huwa karibu katika mstari mmoja, na vuto mbili hizo zinasaidiana: hayo ndiyo maji ya bamvu, ambayo kwetu Unguja tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, vinavuta kwa pande tofauti, tunapata maji mafu. Unaona kwamba hesabu yako ya mwezi, ile unayoifanya kwa vidole kabla hujaamua lini utavuna, inakubaliana kabisa na maelezo haya. Umekuwa ukiyatumia maisha yako yote.

Sasa nakupa swali gumu zaidi, kwa kuwa nadhani utalipenda. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi unakuwa utosini karibu na saa 6 usiku. Kwa maelezo niliyotoa, maji yangejaa saa 6 usiku na saa 6 mchana. Je, ndivyo ilivyo hapo kwenu? Sivyo. Siku za bamvu yanajaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na wewe unakwenda kwenye mwani saa 4 asubuhi yakiwa yamepwa. Saa nne hizi za tofauti zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye umbo la bahari. Maelezo yangu ya mwanzo yalichukulia kwamba dunia yote imefunikwa na maji yasiyokutana na kitu. Lakini bahari ina kingo: kuna Afrika, kuna Bara Hindi, kuna visiwa, kuna vilindi na miamba. Maji yakishavutwa yanatembea, yanagonga, yanarudi, na kila pwani inapata ucheleweshaji wake. Isaac Newton alichapisha maelezo ya mvutano mwaka 1687, na ilichukua karibu miaka 90 hadi Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa alipoandika hesabu za maji yanayotembea. Kwa hiyo swali hili usione kuwa ni dogo. Liliwashughulisha watu wenye vichwa vikubwa kwa vizazi.

Tugeukie joto, maana ndilo lililokuleta.

Jambo la kwanza ni kipimajoto. Kile cha homa hakifai, kwa sababu namba zake huanzia nyuzi 35, na bahari yetu kwa kawaida iko kati ya 25 na 30 hivi. Unahitaji kile kirefu cha maabara kinachoanzia sifuri. La pili ni daftari. Chora mistari: tarehe ya mwezi mwandamo, saa, mahali, kina cha maji, makisio yako, namba uliyosoma. Makisio yaandikwe kabla ya kutumbukiza kipimajoto. Hili nalisisitiza kuliko jingine lolote katika barua hii. Ukikisia baada ya kuona namba, akili itakwambia ulikuwa unajua tangu mwanzo, na hutajifunza kitu. Ukikisia kwanza kwa maandishi, namba itakukubalia au itakukatalia, na ikikukatalia ndipo pana la kujifunza.

Nina dhana moja ningependa uipime. Siku za bamvu maji yanakuwa yamepwa saa 4 asubuhi, jua linapanda, na mwani ulio karibu na ufukwe unabaki kwenye maji machache mpaka adhuhuri inakaribia. Siku za maji mafu, maji yanapwa jioni, tena hayatoki sana. Nadhani basi kwamba joto kali zaidi linaufikia mwani wako siku za bamvu wakati wa kiangazi, na mwani wa maji ya kina unaepuka. Sijui kama ni hivyo hapo kwenye shamba lako. Wewe ndiye unayeweza kujua.

Ukitaka kwenda hatua moja mbele, funga kamba mbili. Mbegu ya aina moja, uzito uleule, siku ileile. Kamba moja iwe pale maji yanapobaki ya magotini, nyingine mbali zaidi kwenye kina. Tofauti iwe hiyo moja tu, kwa sababu ukibadilisha mawili hutajua lipi limefanya kazi. Baada ya wiki 6 pima uzito wa kila moja. Kwa lugha ya watafiti hilo ni jaribio halali. Dk. Flower Msuya, aliyechunguza mwani wa Zanzibar kwa miaka mingi, ni miongoni mwa waliohimiza kilimo cha maji ya kina kwa ajili hiyohiyo: cottonii haistahimili joto kama spinosum, aina nyingine ya mwani, ingawa cottonii ndiyo yenye bei. Kina nacho kinadai chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi hawakufunzwa kuogelea. Jibu la sayansi likishapatikana, kazi ya kulifikia bado ipo, na ni haki mkaidai.

Mwani huohuo utakufundisha mengine. Unafunga kipande cha gramu 100, kinakua mara kadhaa. Uzito huo umetoka wapi? Hauna mizizi ardhini. Zamani huko Ulaya, bwana mmoja aitwaye Jan Baptista van Helmont alipanda mche wa mti kwenye chungu cha udongo alioupima, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti uliongezeka kilo 74 hivi, udongo ukapungua gramu zisizofika 60. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648. Aliamua kwamba mti wote umetokana na maji. Alipatia nusu: nusu nyingine ni hewa ya ukaa, ambayo mmea unaichanganya na maji kwa nguvu ya mwanga wa jua. Mwani wako hewa hiyo unaipata ikiwa imeyeyuka baharini. Ndiyo maana mwani uliofunikwa na matope unadhoofu: hauoni jua.

Jikoni nako pana kazi. Chukua lita moja ya maji ya bahari safi, weka yai bichi freshi. Kisia kwanza. Watu wengi hudhani litaelea kwa kuwa maji yana chumvi, kumbe linazama. Litoe yai, yachemshe maji hayo mpaka ibaki robo lita au pungufu, yapoe, yaweke kwenye gilasi, lirudishe yai. Sasa litaelea. Chumvi ni ileile gramu 35 hivi iliyokuwamo tangu mwanzo, lakini imebanwa kwenye maji machache, na maji hayo yamekuwa mazito kuliko yai. Kikaushe kilichobaki, ukipime kwenye mizani, uone kama nimesema kweli.

Na moja la uani. Tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, jua huwa wima juu ya Makka. Hali kadhalika katikati ya Julai, tarehe 15 au 16, saa 6 na dakika 27. Saa ya Makka na yetu ni moja. Simamisha kijiti wima dakika hiyo: upande lilipo jua ndiko kibla, na kivuli kitaelekea kinyume chake. Kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Unguja, kivuli kitaanguka kusini. Kisha uendelee na kijiti hichohicho mwaka mzima, kwa kuanzia adhuhuri, mpaka ufike karibu na tarehe 9 Oktoba, siku ambayo jua linapita juu ya vichwa vyetu wenyewe na kivuli cha kijiti kinapotea. Umbo la dunia na mwinamo wake vimo humo, na sitakueleza leo. Chora vivuli kwanza.

Hesabu usiikimbie. Unayohitaji kwa sasa ni wastani, asilimia, uwiano na kuchora grafu, na wastani unaujua tayari, kwa kuwa ndio mnaogawana nao fedha za kikundi. Kwa kusoma, vitabu vya sayansi vya shule za msingi za Bara vimeandikwa kwa Kiswahili, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Visome bila aibu, kwa kuruka: leo sura ya joto, kesho ya mimea, kufuatana na daftari lako linavyokuuliza. Fizikia, kemia na biolojia zitajitenga zenyewe baadaye.

Tena utaona simu yako inabadilika. Zile jumbe za "wanasayansi wamethibitisha" kwamba majani fulani yanaponya sukari, utaanza kuziuliza: ni akina nani, walipima nini, kwa watu wangapi, na walilinganisha na nani? Nyingi hazina jibu hata la swali la kwanza. Na kwa wagonjwa wetu wa nyumbani, ambao wengine wameacha dawa za hospitali kwa ajili ya jumbe hizo, naona hili ni kubwa kuliko mwani.

Kipimajoto kimenunuliwa, kitakuja na boti ya Jumamosi pamoja na mizani ndogo, maana umesema ile ya kikundi imeharibika. Bamvu inayofuata ni mwezi utakapoandama. Mpe mjukuu wako daftari ashike nchi kavu, wewe umtamkie namba kutoka majini, na makisio mwandike wote wawili, kila mtu upande wake. Ukimaliza siku hizo, piga picha kurasa unitumie kama zilivyo, na yaliyofutwa yasiandikwe upya.

Wasalimie wote.

Mwana wa kaka yako