Ruzuku ya kuhesabu vichwa inazionea shule ndogo za vijijini

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee hela za ruzuku zinazoenda shule za msingi, maana naona wazazi wengi hawajui zinagawiwaje. Tangu elimu bila ada ianze 2016 hatulipi ada na kwa hilo tunashukuru kabisa, ila ruzuku yenyewe inahesabiwa kwa kichwa, kiwango ni sh 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na humo 4,000 zinabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000.

Sasa piga hesabu. Shule ya mjini yenye watoto 1,500 inapata milioni tisa, huku kwetu Newala vijijini shule ya watoto 200 inapata milioni moja na laki mbili, yani laki moja kwa mwezi, na humo humo chaki, karatasi, madawati yaliyovunjika, michezo, na maji maana huku juu Umakondeni maji ni shida, watoto wanaenda shule na dumu mkononi. Najua mjini nao wamebanana darasani, siwaonei wivu, ila mlango ukivunjika fundi hakupunguzii bei eti kisa shule yako ina watoto wachache.

Njoo uone siku ya jaribio. Mwalimu anaandika maswali yote ubaoni, watoto wanayanakili kwanza ndo waanze kujibu, waliokaa nyuma hawaoni vizuri, likija swali la maumbo kila mtoto anachora pembetatu ya kwake na jibu linaharibika hapo hapo. Wenzao wanapewa karatasi imeshachapwa. Halafu mwezi wa tisa mtihani wa darasa la saba ni huo huo mmoja kwa wote, hii haki iko wapi jamani?

Wapo wanaosema wazazi tuchangie. Tunachangia, lakini hela yetu sisi ni korosho, minada inaanza mwezi wa kumi, ukifika mwezi wa tano hata hela ya kusaga hakuna.

Ombi langu kwa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri, na Wizara ya Elimu, kila shule ipewe kwanza kiasi cha kuanzia kisichoangalia idadi ya watoto, ndo baadae iongezwe hiyo ya kichwa. Na madiwani wetu watuambie ule ushuru wa korosho unaochukuliwa na halmashauri kiasi gani kinarudi mashuleni, wabandike ofisi ya kijiji tusome wenyewe.

Mzazi, Newala, Mtwara