Risala ya Klabu ya Picha kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sanaa

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu. Tunashukuru kwamba umeacha shughuli zako ukaja kutuona.

Ndugu Mgeni Rasmi, picha ulizozikagua ukutani zilipigwa kwa kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo, kisha tukazifanyia kazi kwa mikono. Tunakata fremu nyeupe kwa mkasi, tunabandua mgongo mweusi, tunaitumbukiza picha kwenye beseni la maji ya moto. Baada ya muda, utando wenye picha huanza kuachia plastiki, mwembamba kama ganda la kitunguu. Tunausafisha kwa brashi laini, tukiwa na glavu kwa sababu dawa iliyomo huunguza ngozi, halafu tunautandaza juu ya karatasi nzito. Hapo ndipo ufundi ulipo. Yule bibi aliyeketi barazani, picha iliyo karibu na mlango, ana mikunjo kwenye kanga tu. Uso wake umenyooshwa kwa makusudi.

Wapo waliotutangulia. Edwin Land, mwanzilishi wa kampuni ya Polaroid, alionesha picha za papo hapo kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1947. Kamera ya Polaroid iitwayo SX-70 ilipotoka mwaka 1972, rangi za picha zake zilichelewa kushika. Lucas Samaras, msanii mzaliwa wa Ugiriki aliyeishi New York, akaitumia nafasi hiyo: kuanzia 1973 alijipiga picha, akazikandamiza na kuzikwaruza rangi zikiwa bado mbichi, hata sura yake ikageuka mawimbi. Kwetu sisi, huyo ndiye mwalimu.

Ndugu Mgeni Rasmi, pakiti moja ya filamu ina picha nane tu, na bei yake ni kubwa. Joto nalo linatusumbua: likipita nyuzi 28, rangi huvamiwa na manjano au wekundu, hivyo tunapiga picha asubuhi na mapema.

Tunaomba friji ndogo ya kuhifadhia filamu. Tunaomba pia utusemee kwa waandaaji wa mashindano ya sanaa, ambao walizirudisha kazi zetu wakisema ni picha zilizoharibika. Hazikuharibika. Tulikusudia ziwe hivyo, na tuko tayari kuwaonesha hatua kwa hatua, beseni likiwa mezani.

Tunaomba kuwasilisha.