Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania

Ndugu Kamishna,

YAH: MICHE YA MIKARATUSI IKAGULIWE KABLA YA KUTOKA KITALUNI

Salaam kutoka Urambo, mkoani Tabora.

Nakuandikia kuhusu nyigu wa kahawia mwenye mng'ao wa kijani na buluu, asiyefika hata milimita moja na nusu. Wataalamu humwita Leptocybe invasa. Asili yake ni Australia. Mwaka 2000 alionekana Israeli, 2002 Kenya na Uganda, na 2005 akawa ameshaingia kwetu. Wakulima wengi hawajawahi kumwona mwenyewe. Wanaona vinundu.

Shika tawi changa la mkaratusi ulioshambuliwa, ligeuze juani. Jike hutaga kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye kikonyo, na mti huvimba pale pale. Kinundu huanza kijani, kikageuka pinki inayong'aa, kisha kikawa kahawia. Ukikuta vitundu vya mviringo kama vya sindano, ujue nyigu wameshatoka na wako mti wa pili. Jike wa nyigu huyu huzaa bila dume, kwa hiyo mmoja tu aliyesafiri na mche anatosha kuanzisha kizazi shambani. Mti mkubwa hustahimili. Mche na machipukizi ya kisiki ndiyo yanayojikunja, yakadumaa, mengine yakafa kabisa.

Kwetu hili si jambo dogo, maana sisi ni watu wa tumbaku. Bani la kukaushia tumbaku haliwaki bila kuni, na tulihimizwa kupanda mikaratusi ili tuiache miombo ipumue. Tulipanda aina za mikaratusi ziitwazo kamaldulensisi na teretikonisi kwa sababu zinavumilia ukame wa huku, na hizo ndizo nyigu huyu anazozipenda zaidi. Shamba la kuni likidumaa, mkulima hataacha tumbaku yake ioze. Atachukua shoka aingie msituni, na huko kuna mininga iliyoota kabla babu zetu hawajazaliwa.

Wapo wanaotaka tupulize dawa. Siungi mkono hata kidogo. Funza wa nyigu amejifungia ndani ya kinundu, dawa ya kupuliza haimfikii. Atakayeipata ni nyuki. Tabora ni mkoa wa asali, na nyuki wetu hufuata maua ya mikaratusi hiyo hiyo.

Njia anayosafiria nyigu huyu ni mche. Jirani yangu aliletewa miche kutoka kitalu cha mtu binafsi. Viriba vizuri, udongo umeloa, lakini majani ya juu yamevimba kuanzia kwenye vikonyo. Muuzaji akasema ni mbolea imezidi. Mikaratusi ya jirani ilishaanza kurefuka wakati huo, na vinundu vikahamia humo.

Naomba wataalamu wako wapite kwenye vitalu, vya umma na vya watu binafsi, kabla ya mvua za Novemba. Mche wenye kinundu uchomwe hapo hapo. Kitalu safi kipewe hati, na kwenye mageti ya maliasili, mnakokagua mbao na mkaa, gari la miche nalo lidaiwe hati hiyo. Najua afya ya mimea ina mamlaka yake, TPHPA, lakini ninyi ndio mlio na watu karibu na miti. Kaeni pamoja mgawane kazi.

Ombi la pili linahitaji muda. Israeli waliachia nyigu wa aina mbili kutoka Australia wanaomwangamiza huyu ndani ya vinundu, na Afrika Kusini wakaachia aina nyingine mwaka 2012. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, wapewe fedha wapime kama hao wanatufaa. Ukanda wetu una uzoefu. Vidukari wa saiprasi walipoingia Malawi mwaka 1986, kisha Tanzania na Kenya, miti ilikauka mashamba kwa mashamba. Mwaka 1994 Malawi wakaachia nyigu kutoka Ulaya anayetaga ndani ya kidukari. Utafiti huo uanze sasa, huku tukipanda aina zinazostahimili.

Miche ya msimu ujao tayari imesiwa. Ukaguzi ukianza Oktoba, mtaikuta ingali kwenye viriba.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa tumbaku na mikaratusi, Urambo