Yah: Ramani yangu mliyoikata mkasi

Assalaam alaykum,

Jamani mie nimewaandikia WhatsApp mara nne, tiki za buluu naziona, jibu sipati, basi leo naandika imeili na nakala nitaileta kwa mkono hapo dukani ili asije mtu akaniambia haikufika.

Nilikuleteeni ramani ya zamani mnitilie fremu. Si picha ya ngalawa na jua linazama kama zile mlizotundika mlangoni, ni ramani ya vyumba na kuta za monasteri moja, nyumba ya watawa, ambayo sasa ni magofu kule Yorkshire Uingereza, panaitwa Fountains. Nilipewa zawadi na mgeni mmoja tuliyepima naye nyumba Mkunazini, imechapwa kwa bamba la shaba, ukipitisha kidole ukingoni unausikia ule mbonyeo wa bamba. Nikamwambia kijana wenu pale kaunta, na mwenziwe alikuwepo anakunywa urojo akasikia, usikate, usigandishe kwa gundi, ukingo wote uonekane. Akanijibu "sawa mzee, hamna shida". Hiyo hamna shida ndio imenifikisha hapa.

Nimefika nyumbani, nafungua gazeti mlilofungia, ukingo hamna! Chini pote pamekatwa, na pale chini ndipo kilipokuwa kipimo, ule mstari wenye futi, na maelezo ya alama, kivuli gani ni ukuta wa karne gani. Mshale wa kaskazini nao umeliwa na mkasi, umebaki mkia tu. Kuuliza naambiwa "mzee bila yale maandishi imependeza zaidi". Imependeza! Kwani mie nimekwambieni nataka ua la ukutani?

Mnifahamu lakini. Lile jengo refu la upande wa magharibi, chini ghala, juu wakilala wale watawa wa kazi za mikono, lina zaidi ya mita 90, ukiwa na kipimo unaweka rula unalipata mwenyewe, bila kipimo laweza kuwa banda la kuku. Na watawa 13 ndio walioanza pale 1132, Mfalme Henry wa 8 akaja kuifunga 1539, hapo katikati miaka mia nne na zaidi wanabomoa wanaongeza, sasa ukuta upi wa mwanzo na upi wa baadae nitajuaje na alama zake mmezitupa? Mie nina vijana nawafundisha kupima magofu, huwa nawaanzisha na ramani hii kabla sijawapeleka Maruhubi, magofu ya kasri ya sultani hapa Unguja, kwa sababu Maruhubi iliungua 1899, nguzo zimesimama peke yake, mtoto akitazama haoni nyumba, anaona nguzo. Kwenye ramani anaona kanisa limelala mashariki magharibi, kusini yake ua wa mraba, kando ya ua jengo la kulia chakula, na mto Skell unapita chini ya majengo, vyoo wakavijenga juu ya mto maji yachukue, hapo huwa wanacheka sana, halafu ndio wanaanza kuuliza maswali ya maana.

Na hilo la kukata lingekuwa na afadhali kama hamkuigandisha. Mmeipaka gundi nyeupe ya mbao nyuma nzima mkaibandika kwenye hadibodi, mbele mkailaza kioo juu yake bila nafasi hata ya unyasi. Mvua za masika zilipoanza karatasi ikavuta unyevu ikajikunja mawimbi kama bati, imegusa kioo, na pembe ya kushoto lishatokea doa la kahawia ukubwa wa choroko, nalitazama kila siku linakua. Nyinyi mnafanya kazi ya fremu kisiwani, unyevu na hewa ya chumvi hamkuanza kuviona leo.

Fremu yenyewe sina neno. Mninga mzuri, pembe zimekutana, aliyeiranda fundi wa kweli na salamu zangu mpeni.

Nnachotaka ni kile kipande mlichokikata. Chini ya meza yenu ya kukatia kuna boksi la mabaki, nimeliona, vikaratasi vyake mnavitumia kukazia picha kwa nyuma, basi kitafuteni humo na mfungue na picha mlizotengeneza wiki ile. Karatasi nzito, rangi ya chai ya maziwa, ina mstari uliogawanywa vipande vyeusi na vyeupe. Pili, ramani msijaribu kuibandua nyinyi, si maji ya moto si wembe, nitatafuta mtu anayejua kazi ya karatasi na gharama yake mtalipa nyinyi. Nimelipa 85,000, pesa ya mbao na kioo kateni, iliyobaki nirudishieni. Na yule kijana aliyesema ataidanlodi nyingine aniprintie asilirudie tena hilo neno mbele yangu.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri nakuja, risiti ninayo, na ramani naileta vilevile ilivyo muione kwa macho. Kipande kikipatikana kabla ya hapo nipigieni, hata iwe usiku.

Mteja wenu,
mzee wa ramani