Dada, oili chafu ndani ya nyumba hapana

Dada shikamoo,

Kamwene huko Mafinga, mama hajambo na kifua chake? Huku Ufini saa tisa mchana giza lishaingia, theluji mpaka mlangoni, ila mi mzima na kazi inaenda. Picha za nyumba nimeziona zote, hongereni sana we na shemeji, bati limenyooka na mbao za nje zimekaa vizuri. Sasa kwenye ile meseji yako ndefu umesema fundi anataka ndani apige oili chafu kwanza afu rangi ya mafuta juu, na we mwenyewe unataka zile paneli za plastiki za marumaru sebuleni, nikaona nisijibu kwa vois, nikuandikie tu maana maneno ni mengi.

Oili chafu hapana. Kule chini kwenye nguzo zinazogusa udongo watu wanapaka sababu ya mchwa, sibishani nao, ila ndani wanakolala watoto ile harufu haitoki leo wala kesho, na rangi utakayopaka juu yake haishiki, itabanduka tu. Na fundi akikwambia basi tuchukue mabaki ya nguzo za dawa, zile za kijani za umeme, bei chee, kataa pia. Dawa ile ina shaba, kromiamu na aseniki, ni ya nje hiyo, ukiipiga randa vumbi lake sumu, na vipande vyake msije mkatia jikoni mkaota moto, hilo nakuomba kabisa dada yangu.

Paneli za plastiki zinang'aa nakubali, na kwa nyumba ya tofali pengine ningenyamaza. Kwa nyumba ya mbao unyevu ukiingia nyuma yake hauna pa kutokea, mbao zinaota ukungu we huoni kitu, na moto ukitokea, Mungu apishie mbali, moshi wake unasonga mtu haraka. Yale makaratasi ya kubandika ndo usiseme, yatachanika kwenye maungio.

Kwa sababu mbao haitulii. Kifuku inavimba, kiangazi inasinyaa, na inasinyaa kwa upana zaidi, kwa urefu kidogo sana. Nyumba ninayopanga huku ni ya mbao, kipindi hiki hita zinakausha hewa ya ndani mpaka unaona nafasi kati ya mbao na mbao, ikifika miezi yao ya joto, hita zimezimwa, zinajifunga zenyewe. Ndo maana ukipiga lipu au skimu moja kwa moja juu ya mbao lazima ipasuke, sio kosa la fundi wala simenti.

Mi ningekuwa we ningepiga mbao za paini sebuleni, koridoni na chumbani kwenu. Jamani msitu wa Sao Hill uko hapo mlangoni kwenu, malori ya mbao yanapita mchana na usiku kwenda Dar, afu we ununue plastiki! Waambie wa mashine ya randa wakutolee zile zenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, zinachomekana, na hata zikisinyaa huoni ukuta wa nyuma. Mlingoti, yaani mkaratusi, achana nao, unajikunja na kupasuka sana. Paini yenye rangi ya bluubluu sio mbovu, ni ukungu wa kupangwa ikiwa mbichi, nguvu yake iko palepale, ukikuta bei nzuri chukua hiyo ya kupaka rangi nzito.

Shida kubwa ni ubichi, wauzaji wetu unawajua, mti umekatwa juzi leo wanakwambia mkavu. Zipangeni kivulini na vijiti katikati hewa ipite, randa baadaye. Kipimo rahisi, kata kipande kimoja, kila baada ya siku chache kipeleke dukani kwenye mzani, uzito ukiacha kushuka ndo imekauka. Zikitoka kwenye randa zikae humohumo sebuleni wiki mbili hivi kabla ya kupigwa. Fundi apige papi kwanza ukutani, msumari aupitishe kwenye ulimi ili usionekane, na juu na chini aache nafasi ya kidole, mbao za pembeni zitaficha. Nyaya za umeme ziwe zimeshapita kwenye paipu, na shemeji apige picha kila ukuta kabla haujafungwa, mkija kutundika kabati mtanishukuru.

Kumalizia tumia vanishi ya maji isiyong'aa. Ile ya mafuta inazidi kuwa njano, na paini yenyewe ikipigwa na jua inageuka njano hivyohivyo, miaka michache sebule nzima inakuwa rangi ya asali. Kuna watu wanaipenda, mi siipendi. Huku wanatia weupe kidogo kwenye vanishi, mbao inabaki nyepesi na michirizi yake unaiona. Mkipaka rangi nyeupe, macho ya mbao yatoeni utomvu na yazibwe kwanza, la sivyo yatatokeza madoa ya njano. Na fundi akitumia mafuta ya kitani, matambara yake asiyakunje akayatupa kwenye kona, yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti, ayaloweke kwenye maji.

Chumba cha watoto wekeni jipsamu, ina maji ndani yake kwa hiyo moto unachelewa kupita, na watoto watachora watakavyo mnapaka upya. Bafuni hapana. Nyuma ya jiko la kuni jengeni tofali na muache nafasi ya hewa kati yake na mbao, na bomba la moshi lisigusane na mbao popote. Na mkaa wa kulala nao chumbani mwezi wa saba acheni kabisa, mama umwambie na yeye, nyumba ikishazibwa vizuri ndo hatari inazidi.

Nitumie vipimo vya sebule na koridoni, urefu na kimo, toa milango na madirisha, nipige hesabu ya mbao. Mwisho wa mwezi natuma hela, ila itapitia kwa shemeji, sio kwa fundi.

Mdogo wako